Goldsmith wa Lissoy na daftari tatu za binti wa kaka yangu

Mhariri,

Mimi ni muuza vitabu kuukuu hapa soko la Kibuye, Kisumu. Wateja huniita Mama Vitabu, na jina hilo nimelibeba miaka kumi na tisa. Natandika turubai langu kabla jua halijakali: vitabu vya shule mbele, riwaya katikati, na vile visivyoulizwa na mtu naviweka nyuma karibu na kiti changu, nipate kuvisoma soko likipoa. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, kwani nina neno na watu wanaowafunza watoto wetu kuandika.

Binti wa kaka yangu yuko kidato cha tatu. Ana daftari la mashairi, ana daftari la hadithi fupi, na tangu mwaka jana anaandika mchezo wa kuigiza kuhusu wanawake wawili wanaogombania kibanda cha kuuzia samaki. Likizo ya Aprili alialikwa kwenye warsha ya waandishi chipukizi, akaenda na daftari zote tatu ndani ya mfuko wa karatasi. Mkufunzi alizipitisha mkononi moja baada ya nyingine, kisha akamwambia mbele ya wenzake kwamba mshika mbili moja humponyoka, naye ameshika tatu. Aende nyumbani aamue yeye ni nani. Mtoto huyu si msemaji. Akiulizwa neno mbele za watu ulimi humganda. Hakujibu kitu. Jioni alinijia sokoni, akaniwekea daftari la hadithi na la mchezo juu ya mapaja. "Shangazi," akasema, "wape wanaouza njugu wafungie."

Sikuwapa. Nilizisukuma chini ya kiti.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimenunua gunia la vitabu kutoka kwa jamaa ya mwalimu mstaafu aliyefariki. Mlikuwamo Biblia mbili, atlasi ya zamani, vitabu vya hesabu, na kitabu kinene cha Kiingereza kisicho na jalada: kazi za Oliver Goldsmith, mashairi, riwaya na michezo ya kuigiza katika mshono mmoja, na mbele kabisa maelezo marefu ya maisha yake. Mwalimu alikuwa amepiga mistari ya penseli pembeni mwa kurasa. Ni penseli hiyo iliyonifanya nikisome, maana nilitaka kujua mtu mzima wa huku kwetu aliona nini kwa Mwairishi wa karne ya kumi na nane hata akainoa penseli yake mara nyingi hivyo. Nimekisoma mara mbili sasa, kwa taa ya sola, na ndicho kilichonipa ujasiri wa kukuandikia.

Goldsmith alikuwa mtoto wa mchungaji maskini. Alikulia kijiji cha Lissoy, katikati ya Ireland. Alipokuwa mdogo ndui ilimshika, ikamwachia uso wa makovu ambao wenzake waliucheka maisha yake yote. Mwalimu wake wa kijijini, Thomas Byrne, alikuwa askari mzee aliyewahi kupigana Uhispania, na darasani alichanganya hesabu na hadithi za vita na za mizimwi. Alipofika Trinity College, Dublin, mwaka wa 1745, hakuwa na karo kamili. Aliingia kwa daraja la wanafunzi fukara, wale waliolipa kidogo na kulipia kilichobaki kwa kazi: kufagia ua, kubeba sahani za wenzao hadi mezani. Baba alifariki mwaka wa 1747, na hata kile kidogo kikakatika.

Hapa ndipo penseli ya mwalimu ilipokoleza. Inasimuliwa kwamba Goldsmith alitunga nyimbo za mitaani, akaziuza shilingi tano kila moja, na usiku alitoka chuoni kwa kunyemelea ili asimame gizani asikie watu wakiziimba. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza. Mtunzi anayetoka usiku kwenda kusikiliza maneno yake kwenye vinywa vya watu asiowajua, naye hana hata jina kwenye karatasi! Hakuwa bado mshairi wala mwandishi wa riwaya. Alikuwa kijana mwenye njaa, na sikio lake lilikuwa zima.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi, kwani ni ya kushindwa. Kanisa lilimkataa. Alianza safari ya Marekani, ikaishia bandarini Cork meli ilipoondoka bila yeye. Mjomba wake alimpa pauni 50 aende kusomea sheria, akazicheza kamari Dublin zikaisha. Mwaka wa 1752 alikwenda Edinburgh kusomea udaktari, akahamia Leiden, kisha akaizunguka Ulaya kwa miguu akiwa na filimbi, akiwapigia wakulima muziki wapate kucheza, nao wampe chakula na mahali pa kulala. Aliingia London mwaka wa 1756 mfukoni hamna kitu. Alimsaidia muuza dawa, akafundisha shule ya wavulana na kuichukia kazi hiyo, na mwaka wa 1758 alipotahiniwa awe msaidizi wa daktari wa upasuaji, alianguka. Karibu miaka thelathini, na kila mlango umefungwa. Kalamu ndiyo iliyobaki.

Basi aliandika kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa. Nalisema hili kwa heshima yote. Mimi pia nauza vitabu ili nilipe kodi, na siamini kwamba kazi iliyofanywa kwa njaa ni kazi chafu. Muuza vitabu akitaka tahakiki, Goldsmith aliandika tahakiki. Akitaka gazeti la kila wiki, alitoa gazeti. Lilidumu matoleo manane tu. Mwaka wa 1760 alianza kuandika barua katika gazeti moja la London akijifanya Mchina aliyefika mjini humo na kushangazwa na desturi za Waingereza. Barua hizo zilitoka wiki baada ya wiki, kisha mwaka wa 1762 zikakusanywa kuwa kitabu kiitwacho The Citizen of the World. Baada yake likaja shairi refu, The Traveller, mwaka wa 1764, kitabu cha kwanza kubeba jina lake. Riwaya, The Vicar of Wakefield, ikatoka mwaka wa 1766. Mchezo wa kwanza ulionyeshwa mwaka wa 1768. Alitoa historia ya Roma, historia ya Uingereza, na hata vitabu vinane kuhusu dunia na wanyama wake. Hivyo vya historia na vya wanyama alivitoa kwa kufupisha na kupanga vitabu vya wengine, na sitamdanganya msomaji kwamba vyote ni dhahabu. Lakini mpaka leo watu bado wanasoma shairi lake, wanasoma riwaya yake, na wanalipa kuingia kuona mchezo wake. Ni waandishi wangapi wameshinda mara tatu, katika nyua tatu tofauti?

Hadithi ya riwaya yenyewe imekaa moyoni mwangu. Mwenye nyumba aliita maofisa wamkamate kwa deni la kodi. Goldsmith akatuma ujumbe kwa rafiki yake Samuel Johnson, yule bingwa wa kamusi. Johnson akatanguliza gini moja, sarafu ya dhahabu, na alipofika akakuta gini hiyo imeshageuzwa chupa ya mvinyo. Aliiziba chupa, akamwuliza kwa utulivu ana kitu gani cha kuuza. Goldsmith akatoa mswada. Johnson akaupitia, akatoka nao, akauuza pauni 60, kodi ikalipwa. Mswada huo ndio The Vicar of Wakefield. Ndani yake yumo muuza vitabu wa uwanja wa kanisa la Mtakatifu Paulo, mwenye uso wa chunusi nyekundu, rafiki wa watoto, mwenye haraka daima, ambaye anamkuta mchungaji Primrose, mhusika mkuu wa riwaya, amekwama njiani bila pesa na kumkopesha. Huyo ni John Newbery, mchapishaji wa vitabu vya watoto, aliyempa Goldsmith kazi na mahali pa kulala miaka kadhaa. Ukiniuliza mimi, hakuna shukrani nzuri kuliko hiyo ambayo mwandishi amewahi kumpa mtu wa kazi yangu.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua hii.

Marehemu baba yangu alikuwa mhubiri wa kanisa la Marafiki huko Maragoli, kanisa lililoanzia Kaimosi mwaka wa 1902. Nyumba yetu haikuwa na mlango wa kufungwa mchana. Mwombaji, mlevi aliyefukuzwa kwake, askari wa zamani mwenye mguu mmoja aliyesimulia vita vya Burma mpaka jogoo la kwanza, wote walikula ugali wetu. Mama alinung'unika jikoni, lakini sufuria aliiongeza maji. Nilipofika kwenye shairi la Goldsmith liitwalo The Deserted Village, la mwaka wa 1770, nikamkuta mchungaji wa kijiji mwenye mapato ya pauni 40 kwa mwaka ambaye watu wanamwona tajiri. Nyumba yake inajulikana na kila mzururaji, na askari aliyevunjika mwili anakaa karibu na moto wake, analia juu ya majeraha, na kuinua gongo lake begani kuonyesha jinsi walivyoshinda vita. Mhariri, nililia pale sokoni, wateja wakidhani nimepata habari ya msiba.

Kisha nikaanza kumfuatilia mchungaji huyo. Katika riwaya yumo: ni Primrose mwenyewe, mwenye nyumba iliyo wazi kwa jamaa wa mbali na wageni wasiolipa. Katika barua za Mchina yumo: kuna mtu wa mavazi meusi anayesimulia habari za baba yake, mchungaji wa kanisa dogo aliyewafundisha watoto wake kutoa mpaka hawakujua kabisa namna ya kutafuta. Katika The Traveller yumo tena. Shairi hilo amelitunukia kaka yake Henry, mchungaji aliyebaki kijijini, naye anatajwa hapo na mapato yaleyale ya pauni 40. Hata mchezo wake wa She Stoops to Conquer, ulioonyeshwa mara ya kwanza tarehe 15 Machi 1773 katika ukumbi wa Covent Garden, unahusu vijana wawili wanaoidhania nyumba ya mzee wa heshima kuwa ni hoteli, wakamwagiza mzee huyo kama mhudumu. Inasimuliwa kwamba kosa hilo lilimpata Goldsmith mwenyewe alipokuwa kijana, huko Ardagh, si mbali na kwao. Tena ni nyumba iliyo wazi, na tena kuna mgeni anayekula bila kujua anakula kwa nani.

Kwa hiyo yule mkufunzi aliyemtaka binti yetu achague, kwa maoni yangu, alihesabu mikono akasahau kuangalia kilichoshikwa. Goldsmith alikuwa na mikono mingi, lakini alishika kitu kimoja. Alipokuwa na njaa ya kuimba aliiimba Lissoy. Alipotaka kusimulia akaisimulia. Alipotaka watu wacheke akaiweka jukwaani. Alipoondoka Ireland mwaka wa 1752 hakurudi tena. Mwaka wa 1757 alimwandikia shemeji yake kwamba hata akiwa London anamsikiliza mwimbaji wa opera, moyo wake uko kwenye moto wa jikoni kule Lissoy, anatamani wimbo wa kikwao ulioimbwa na mwanamke wa kijijini. Mtu mwenye kiu ya namna hiyo hawezi kuitosheleza kwa kikombe kimoja.

Nami nimezisoma daftari za binti yetu kwa jicho hilohilo. Katika shairi lake kuna bibi anayesubiri mashua Dunga alfajiri. Katika hadithi kuna mwanamke anayerudi nyumbani na beseni tupu. Katika mchezo kuna kibanda cha samaki. Ni mwanamke yuleyule! Anamzunguka, anamtazama kwa mbele, kwa nyuma, kwa ubavu. Mashairi yake yana vina na mizani lakini bado yanatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Hadithi zake zina pumzi zaidi. Mchezo ndio ulio hai kuliko vyote, na ndio alioutaka ufungiwe njugu.

Nisije nikasahau The Deserted Village. Shairi hilo linalia juu ya kijiji ambacho tajiri amekichukua apanue bustani zake na nafasi ya farasi wake, watu wakatawanyika, wengine wakavuka bahari. Kwetu Maragoli hakuna bwana mmoja aliyetufukuza. Mashamba yamekatwa baba kwa mwana mpaka mtu amebaki na mahali pa nyumba na migomba michache, na vijana wameondoka. Kuna nyumba nzuri za matofali kijijini ambazo kufuli lake hufunguliwa Krismasi na siku ya mazishi, basi. Sababu si ileile, lakini ukimya wa njia ya kisimani ni uleule. Pale ambapo Goldsmith anamsifu mwalimu wa kijiji, jinsi wanakijiji walivyomkodolea macho na kustaajabu kwamba kichwa kidogo kile kimebeba yote anayoyajua, marehemu mwalimu mwenye kitabu hiki alikuwa ameweka alama ya vyema, ile kubwa, kama ya kwenye daftari la mwanafunzi.

Najua kuna watakaosema huyo ni Mwairishi wa zamani, na sisi tunaandika Kiswahili. Basi tuje nyumbani. Shaaban Robert alitunga mashairi na tenzi, akaandika Kusadikika, akaandika insha, akaandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad na habari za maisha yake mwenyewe. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma hapa kwetu magharibi, alitupa Siku Njema mwaka wa 1996, akaandika hadithi za watoto, tamthilia, tawasifu na makala ya gazetini, na juu ya hayo akasoma habari kwenye televisheni. Tulipompoteza Aprili 2020, wateja wangu walikuja kutafuta vitabu vyake vyote. Sikusikia hata mmoja akilalamika kwamba marehemu alikuwa ameshika vingi.

Goldsmith naye hakuwa mtu wa kujieleza. Katika kundi la akina Johnson, mwanasiasa Burke na mchoraji Reynolds alijikwaa kwa maneno, na mwigizaji Garrick alimtungia beti la kumcheka kwamba aliandika kama malaika na kusema kama kasuku. Aliyemwuliza ana kwa ana yeye ni nani, angetoka mikono mitupu. Alifariki tarehe 4 Aprili 1774 akiwa na deni la kama pauni 2,000. Daktari alimwuliza kama moyo wake umetulia, akajibu kwamba haujatulia. Ngazi za nyumba yake zilijaa wanawake maskini aliokuwa akiwasaidia, wakilia. Mnara wake katika Westminster Abbey una maneno ya Kilatini aliyoyaandika Johnson, kwamba karibu hakuna namna ya uandishi ambayo hakuigusa, na hakuna aliyoigusa ambayo hakuipamba.

Ombi langu kwenu ni dogo. Gazeti lako lina ukurasa wa mashairi, na naupenda. Wapeni vijana pia kipande cha hadithi, na mara moja kwa mwezi onyesho moja la mchezo, hata likiwa fupi. Mtoto aone maneno yake yakichapishwa kwa namna mbili tofauti chini ya jina moja. Na kwa wakufunzi wa warsha, nawasihi: someni daftari zote kwanza, mstari kwa mstari, ndipo mseme.

Kitabu cha mwalimu sikiuzi. Nilimwazima binti yetu kwa siku nne, akakirudisha na karatasi ndani, ameugeuza mstari mmoja maarufu wa lile shairi la kijiji:

Ole nchi ile, ole, shari inapoiwinda,
Mali yapaa kilele, watu ndio wanakonda.

Nikamwambia viatu sasa vimeanza kumkaa. Alitabasamu, akapanga vitabu vya kidato cha kwanza ambavyo havikuhitaji kupangwa. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, kama wauza njugu walishazitumia zile daftari. Nikainama, nikazitoa chini ya kiti. Akakaa juu ya gunia, akafungua la mchezo, akaomba kalamu, akaendelea palepale alipokuwa ameachia: wanawake wawili, kibanda kimoja, na mvua inakuja kutoka ziwani.

Mama Vitabu,
Kibuye, Kisumu